Mashua inavuja ikiwa na tanga, nangani kavu

Mvuvi wa Shela: Assalaam aleikum mafundi. Mashua yangu futi 22, ikilala nangani ngama, yaani sakafu ya ndani chini kabisa, ni kavu. Nikitweka tanga na upepo wa kusi kwenda Kizingitini, kijana wangu hana kazi ila kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje. Nimeyaonja, chumvi tupu, si ya mvua. Kalafati ya chini, pamba ya kuziba baina ya mbao, ni mpya, na deheni, yale mafuta mazito ya kuzuia maji, nimepaka. Yanapita wapi?

Fundi Matondoni: Waaleikum salaam. Uache mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Ingekuwa chini, ingejaa hata nangani. Inavuja zaidi ikilalia upande gani?

Mvuvi wa Shela: Kushoto. Kulia ni haba.

Fundi Matondoni: Basi ni mbao za juu, kushoto. Hizo hupigwa jua mchana kutwa, zinasinyaa na pamba inalegea, halafu chombo kikiinama ndizo zinazozama. Ngoja bamvua, maji yajae sana, ipandishe mchangani. Maji yakitoka, ilalie kushoto, futa mbao kwa nje mpaka zikauke, kisha mwaga ndoo za maji ndani. Panapotona, tia alama ya mkaa. Kagua na misumari: yenye mchirizi wa kutu chini ya kichwa, ishuku. Pamba kuukuu ichokoe yote, usishindilie mpya juu yake. Mpya iloweshe sifa, mafuta ya papa, kwanza.

Baharia Nungwi: Na asikudanganye mtu ubandike saruji kwa ndani. Huku wapo wanaofanya, mbao inaozea nyuma yake huioni.

Mvuvi wa Shela: Shukrani. Mkaa upo, nangoja bamvua.