Naomba ushauri: "mahari" iliyotoka kwa bibi harusi tuiite nini?

Habari zenu wakuu. Naandika wasifu mfupi wa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na Charles II wa Uingereza mwaka 1662. Nimekwama. Kwao Catherine walimpa mume Bombay (huko India), Tangier (huko Moroko) na fedha nyingi, nami nikaandika "mahari". Wasomaji wangu wawili wakaelewa kwamba Charles ndiye aliyelipa, na siwalaumu, maana kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Nimejaribu "zawadi ya harusi", lakini inapunguza uzito. Ule ulikuwa mkataba wa mataifa mawili. Je, kuna neno linalofaa? Na yeye, malkia kwa ndoa tu, nimtofautisheje na Mary II, malkia aliyetawala kuanzia 1689? Natanguliza shukrani.