Tupeane uzoefu: Tunaouguza wazazi waliosahau hata sala

Dada wa Isevya: Mama yangu alifundisha katekisimu miaka mingi hapa Tabora. Jumapili alikatiza Baba Yetu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na tangu hapo nimeshindwa kuomba. Mnaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, imani yenu imesimama vipi?

Binti wa Nzega: Pole sana, dada. Bibi aliyetulea alianza kwa kusahau sufuria motoni, kisha akawa anatoka usiku akisema anarudi Ndala kwa mama yake, ambaye alifariki kabla sisi hatujazaliwa. Usiku mmoja aliingia ua wa jirani ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa. Walimkuta mlangoni bila kitenge, akinong'ona peke yake, na nyote mnajua kikongwe mwenye macho mekundu akikutwa hivyo huitwa nani. Nilipofika walikuwa wameshika mapanga. Nilipiga magoti mbele yake nikawaambia waanze na mimi. Aliyetuokoa ni mzee wa kanisa, aliyewakumbusha kwamba mikono ya bibi ndiyo iliyowapokea wengi wao walipozaliwa, huku bibi mwenyewe akiwakaribisha kwa furaha waje kula. Ugonjwa naweza kuupokea. Nisichoweza kukipokea ni kwamba waliomwita mchawi tulikuwa tukishiriki nao meza moja ya Bwana.

Kaka wa Urambo: Kwetu nusura yatokee hayo hayo. Funga komeo la juu mlangoni, asiloweza kulifikia.

Mtumishi wa Kasulu: Ndugu zangu, hiki ni kifungo. Mpelekeni kwenye maombi ya kufunguliwa, naye afunge siku tatu.

Muuguzi wa Kigoma: Mtumishi, kwa heshima zote, ninapinga. Kumfungisha mzee asiyekumbuka hata kunywa maji ni kumhatarishia uhai. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza aina yake inayojulikana zaidi mwaka 1906, na wengine huupata baada ya kiharusi. Tena kuna usahaulifu unaotibika, kama ule wa upungufu wa vitamini B12, wa tezi ya shingo kuzalisha homoni kidogo, wa sonona, au wa maambukizi ya mkojo yanayomvuruga mzee ghafla. Apimwe kwanza.

Mtumishi wa Kasulu: Sijakataza hospitali, ila Bwana bado anaponya. Usiwakatishe watu tamaa.

Muuguzi wa Kigoma: Anaponya, nami humwomba kila niingiapo wodini. Lakini katika Yohana 9, wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Mama wa Ujiji: Mume wangu hanitambui, lakini nikianzisha wimbo wa kwaya wa zamani anaumaliza beti zote. Usibishane na mama. Akisema wewe ni dada yake, itika. Mimi nashikilia Isaya 49:15, kwamba hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, Mungu hasahau.

Kaka wa Urambo: Mimi baba humsahihisha kila mara, nikinyamaza naona kama nimemwacha.

Dada wa Isevya: Binti wa Nzega, bibi yuko wapi sasa?

Binti wa Nzega: Tulimhamishia mjini kwa shangazi. Jirani alikuja kuomba msamaha, nami sijaweza kumpa mkono.

Mama wa Ujiji: Mpe, mwanangu, bibi angali hai.

Muuguzi wa Kigoma: Asiharakishwe, mama. Walikuwa na mapanga.