Je, Gonzalo alimsaliti Pedro katika filamu ya Machuca?

Mtazamaji wa Usiku:
Salamu kwenu nyote. Jana nilitazama Machuca, filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Andrés Wood, na bado moyo haujatulia. Hadithi inatokea Santiago, Chile, mwaka 1973, ambapo padri anayeongoza shule ya watoto wa matajiri anaingiza darasani watoto wa mtaa wa mabanda, na kwa njia hiyo Gonzalo Infante anafahamiana na Pedro Machuca, kisha na Silvana, jirani yake Pedro. Karibu na mwisho, wanajeshi wanapouvamia mtaa ule, Gonzalo anashikwa na askari, naye anajinusuru kwa kumwambia amtazame vizuri, yaani mavazi na sura yake vinatosha kuonyesha kwamba yeye si wa pale. Je, huo ni usaliti, au ni woga wa mtoto tusioweza kuuhukumu?

Mwanasinema:
Mimi nauita woga. Dakika chache kabla ya hapo Silvana ameuawa kwa risasi alipojaribu kumkinga baba yake, na Gonzalo ameyaona yote. Mvulana wa umri ule hana itikadi ya kuisaliti. Ana baiskeli, viatu vizuri na miguu inayotetemeka. Ungemtaka afanye nini, afe pamoja nao ili sisi watazamaji turidhike?

Bi Saida:
Ndugu Mwanasinema, sikubaliani nawe, ingawa simlaumu mtoto. Mkumbuke baba yake Pedro, yule mlevi, anapomwambia mwanawe kwamba baada ya miaka mitano rafiki huyu atakuwa chuo kikuu ilhali yeye Pedro anasafisha vyoo, na kwamba miaka ikizidi kupita, rafiki atamiliki kampuni ya baba yake na hatalikumbuka hata jina la Machuca. Tulimchukia mzee yule kwa ukatili wake, lakini Gonzalo hakuhitaji miaka mitano kuthibitisha maneno yale. Aliyathibitisha kwa kumwonyesha askari nguo zake. Kwangu mimi huo ni usaliti, na unauma zaidi kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyeuchagua.

Msomaji wa Historia:
Naomba niongeze jambo moja kuhusu chimbuko la hadithi. Shule ile imechorwa kwa mfano wa Saint George's, shule ya Santiago ambako Wood mwenyewe alisoma, na padri wa kwenye filamu anamkumbusha Gerardo Whelan, padri aliyeiongoza shule hiyo, ambaye filamu imetabarukiwa kwake. Salvador Allende, wa mrengo wa kushoto, alichaguliwa kuwa rais mwaka 1970, akapinduliwa na jeshi tarehe 11 Septemba 1973, na utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet ukadumu hadi 1990. Hata hivyo, Wood hatupeleki ikulu. Anatupeleka kwenye maandamano, ambako watoto wanawauzia bendera wafuasi wa mrengo wa kulia, kisha wanawauzia wa mrengo wa kushoto, kwa sababu biashara ni biashara. Sijaona namna bora ya kuonyesha taifa linalopasuka huku watoto wakiendelea kucheza katikati ya ufa.

Kuhusu mapenzi, naona watu wameyapita haraka. Maziwa mazito ya kopo ambayo Silvana anayashiriki na wavulana wote wawili kwa kubusiana ndiyo mapenzi pekee katika filamu nzima yasiyo na hesabu ndani yake. Yalinganishe na mapenzi ya mama yake Gonzalo na mpenzi wake, yule mzee tajiri, ambaye zawadi zake humfikia hata mtoto ili anyamaze.

Mtazamaji wa Usiku:
Asanteni sana. Bi Saida, nilikuwa nimemsahau kabisa baba yake Pedro, labda kwa sababu nilimdhania mlevi anayepayuka tu. Usiku huu nitairudia sehemu ile, na safari hii nitautazama uso wa Gonzalo wakati mzee anazungumza.