Book of Shadows: Blair Witch 2, nani aliiharibu: studio au mwongozaji?

Mleta mada
Wakuu, The Blair Witch Project ya 1999 iliingiza karibu dola milioni 248 duniani. Kampuni ya Artisan ikataka sehemu ya pili upesi, ikampa Joe Berlinger, mtu wa filamu za hali halisi, bajeti ya dola milioni 15. Ikaingia kumbi za Marekani Oktoba 27, 2000, na watu wakatoka wamenuna. Razzie, tuzo ya kejeli kwa filamu mbovu, ya muendelezo mbovu ikaenda kwake. Berlinger anashikilia kuwa studio ndiyo iliyoichanachana kazi yake. Mimi nasema ilizaliwa mgonjwa.

Kwa ambaye hajaiona: watu watano wanalala msituni kwenye magofu ya nyumba ya muuaji Rustin Parr, karibu na Burkittsville, Maryland. Wakiamka, muda wa saa tano umefutika vichwani mwao. Wanakimbilia kwa Jeff, anayeishi katika kiwanda cha zamani cha mifagio, wakague kanda za video walizorekodi usiku ule. Hoja mezani.

Kisu cha Mhariri
Mleta mada, hapo umechemka. Chukua mahojiano ya polisi. Berlinger aliyapanga yakae mwishoni, kipande kimoja. Studio iliyakatakata ikayatawanya filamu nzima. Matokeo yake, mapema kabisa unamwona Jeff mbele ya askari, kisha wenzake Kim na Stephen. Umeshajua kuna maiti, na umeshajua hao watatu watatoka wazima. Kuanzia hapo kila wanapozurura gizani mle kiwandani, nani atawahofia? Ni sawa na kumtegea mtu kitendawili ilhali jibu umeshampa.

Halafu vile vipande vya kisu na damu vinavyochomoza sekunde moja moja. Navyo vilichomekwa na studio. Filamu ilitaka ujiulize: wameua, au wamerogwa waonekane wameua? Swali hilo linaishi tu kama mauaji hujayaona mpaka kanda ichezwe. Ukiyaonyesha kabla, limekufa.

Hata mwanzoni, helikopta inapopita juu ya miti, Berlinger aliweka sauti laini ya Frank Sinatra. Ikatolewa, akawekwa Marilyn Manson. Wimbo laini juu ya msitu mtulivu unakutia wasiwasi kwa sababu hauendani na mahali. Roki nzito inakutangazia tu kwamba sasa utatishwa.

Bundi
Haya, rudisha mahojiano mwisho, futa damu, mrudishe Sinatra. Bado unabaki na picha safi ya milimita 35, ile filamu ya sinema kubwa, taa zimepangwa, na muziki wa Carter Burwell unaokuelekeza lini uogope.

Ya kwanza ilipigwa kwa siku 8, Oktoba 1997. Waigizaji walibeba kamera wenyewe: ya video ya Hi8 yenye rangi na ya filamu ya milimita 16 ya nyeusi na nyeupe. Waliongozwa kwa GPS, wakaachiwa vikaratasi vya maelekezo, na chakula kilipunguzwa kadiri siku zilivyokwenda. Ule uchovu na ule ugomvi wa ramani walipopotea msituni haukuhitaji kuigizwa sana. Kubwa zaidi, kila picha ilikuwa na mwenyewe: unajua nani kashika kamera, na unajua haoni zaidi yako. Kwenye sehemu ya pili kamera haina mwenyewe, iko popote inapotaka.

Kisu cha Mhariri
Ndiyo maana yake, mkuu! Milimita 35 ni yale wanayoamini yametokea; video ni yaliyotokea kweli. Aina mbili za picha zimewekwa zipingane. Wazo lenyewe si bovu hata kidogo.

Mhasibu wa Sinema
Niweke tarakimu. Wikiendi ya kwanza Marekani: kama dola milioni 13.2. Jumla ya Marekani: kama milioni 26.4. Nusu ya mapato iliingia siku tatu za mwanzo. Jina liliuza tiketi, midomo ya waliotoka ikaziua. Duniani kote ikafika karibu milioni 47.7, siyo hasara ya kufunga duka.

Bundi, kumbuka pia 2016. Mwongozaji Adam Wingard alirudisha kamera ya mkononi kwenye filamu nyingine ya Blair Witch kwa bajeti ya takriban milioni 5, na malalamiko yakawa palepale. Kumbe dawa siyo kamera peke yake.

Mleta mada
La mahojiano nakubali, limenishinda. Lakini uhariri gani ungetupa stelingi? Watano wale wanakejeliana tangu wako garini. Mimba ya Tristen, mmoja wao, inatoka, jambo la kumvunja mtu moyo, na baada ya muda mfupi filamu imeshahamia kwenye vitisho vingine. Hakuna wa kumshika mkono mle ndani. Hilo ni la skripti.

Kisu cha Mhariri
Angalia tena mwisho. Kila mmoja anaonyeshwa kanda yake; Kim anajiona akimuua muuza duka. Jeff naye analia, anakana, anaapa hakufanya. Jeffrey Donovan, anayemcheza Jeff, anaigiza kama mtu anayeliona jambo kwa mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba sisi tulishaliona.

Bundi
Kwa Donovan sibishi. Kwenye kamera isiyo na mwenyewe bado nipo palepale.