Je, taarifa ya foleni za jioni ina nafasi katika televisheni?

Mpangavipindi (muuliza swali)

Ndugu zangu, habari za leo. Ninafanya kazi katika chumba cha habari cha kituo kimoja cha televisheni hapa Dar es Salaam, na kwa wiki tatu sasa tumekuwa tukijadiliana bila kuafikiana juu ya jambo ambalo naona ni vema nililete mbele ya watazamaji wenyewe. Pendekezo lililopo mezani ni kuanzisha taarifa fupi ya hali ya barabara, ya dakika tatu hadi nne, itakayorushwa kila siku ya kazi saa 10:15 alasiri, kabla ofisi nyingi za katikati ya jiji hazijafungwa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Wanasema kwamba mtu aliyeshika usukani hatazami televisheni, kwamba redio ilikwisha kuifanya kazi hii, na kwamba siku hizi mwenye simu huangalia ramani akaona barabara ipi imekuwa nyekundu. Wanaounga mkono, nikiwa mmoja wao siku nyingine na siku nyingine nikiyumba, wanasema kwamba taarifa ya habari ya saa 2 usiku humkuta mtu akiwa tayari amekwama au amekwisha kufika.

Nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Masika moja, kwenye saa 9 alasiri, tulipata uhakika kwamba maji ya Mto Msimbazi yamepanda Jangwani na kwamba Barabara ya Morogoro imefungwa kati ya Fire na Magomeni. Niliiandika habari hiyo kwenye karatasi, nikaiweka mezani ikisubiri taarifa ya saa 2, kwa sababu katikati hapakuwa na saa yoyote iliyotengwa kwa habari ya namna hiyo. Wifi yangu alipanda daladala Kariakoo saa 11 jioni, akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni, akafika Kimara saa 4 usiku. Habari aliyoihitaji ilikuwa juu ya meza yangu muda wote huo.

Naomba mnijibu kwa uzito: je, kuna anayetazama televisheni saa hiyo, na akiambiwa, kuna lolote atakalolibadilisha?

Dereva wa Gongo la Mboto

Ndugu Mpangavipindi, mimi ni dereva wa daladala, njia ya Gongo la Mboto kwenda Makumbusho, mwaka wa 14 sasa. Nitakujibu kwa upande wangu bila kukuficha: mimi hutanisaidia. Habari zangu za barabara ninazipata kwa mwenzangu anayerudi, ambaye tukipishana huniwashia taa na kunionyesha kwa mkono kwamba mbele kumefunga, au kwa konda wangu anayepigiwa simu na konda wa gari lililotangulia. Habari hiyo ina umri wa dakika mbili. Yako, hadi iandikwe, isomwe na mhariri na ifike kwa msomaji, itakuwa na nusu saa, na katika nusu saa foleni inakuwa imeshahama.

Wengi wanadhani foleni inakaa mahali pamoja. Tangu daraja la juu la Mfugale lilipofunguliwa pale TAZARA mwaka 2018, gari linaloifuata Barabara ya Nyerere moja kwa moja linapita bila kusimama, lakini sisi tunaokunja kuingia Mandela bado tunasubiri chini, na muda tunaosubiri unategemea malori yanayotoka bandarini pamoja na uamuzi wa askari aliyesimama njia panda siku hiyo. Akiamua kuuvuta upande mmoja kwa dakika 20, upande wa pili unajaa hadi Buguruni, na akiuachia, kwa dakika kumi hukuti kitu. Sasa kumwambia mkazi wa jiji hili kwamba Buguruni kuna foleni saa 11 jioni ni kumweleza jambo analolijua tangu alipohamia mjini.

Hata hivyo, nikimfikiria abiria, maoni yangu yanabadilika kidogo. Pale kituoni Gongo la Mboto kuna kibanda cha mama lishe chenye televisheni, na saluni mbili jirani zina televisheni. Watu hukaa humo wakisubiri gari, na swali wanaloniuliza kila siku ni moja: "Dereva, huko mbele kuna nini?" Hawaulizi kama kuna foleni. Wanauliza kuna nini. Ukiweza kuwajibu hilo, utakuwa umefanya kazi.

Mkazi wa Mwanza

Naheshimu maumivu ya wifi yako, na ninamwombea mtoto afya, lakini naomba nizungumze kwa niaba ya wengine. Kituo kinachorushwa kwa satelaiti kutoka Dar es Salaam kinatazamwa Songea, Bukoba na Kigoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na kati yao mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, yaani chini ya mmoja katika kila kumi. Kwa nini watu tisa waketi dakika nne wakisikiliza hali ya mataa ya Mwenge?

Sisi pia tuna barabara. Kabla daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, halijafunguliwa Juni 2025, tulivuka pale kwa kivuko, na foleni ya magari ilitupotezea saa ambazo hakuna aliyeturudishia, wakiwamo wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali mjini. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kuona hata mara moja mtangazaji akikatiza kipindi ili kutuambia tusitoke nyumbani kwanza. Kama mnaanzisha jambo hili, lianzisheni kwa nchi nzima: daraja lililosombwa na maji mkoani, lori lililolala na kuziba barabara kuu, basi la mikoani lililokwama porini. Kama ni la Dar es Salaam peke yake, basi liachieni redio za Dar es Salaam.

Niliyekuwa Redioni

Nilifanya kazi redioni kwa miaka 11, na kwa minne kati ya hiyo nilikuwa mwandaaji wa taarifa za foleni za jioni, kwa hiyo naomba nieleze jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu naona mjadala unaendelea kana kwamba taarifa hiyo huokotwa.

Saa 9:40 nilikuwa naanza kupiga simu. Nilikuwa na orodha ya watu tisa: askari wawili wa usalama barabarani, madereva wanne wa teksi, bodaboda wawili na muuza magazeti mmoja aliyekuwa akisimama kwenye mataa ya Mwenge. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa hakosei. Yeye aliuza magazeti wakati magari yamesimama tu, kwa hiyo alijua mwendo wa foleni kwa dakika, na aliweza kuniambia kama ni ya kawaida au ina sababu, kwa sababu foleni ya kawaida huanza kusogea baada ya muda anaoufahamu. Kila jambo nililithibitisha kwa watu wawili. Kazi hiyo ilinichukua dakika 30 ili nipate sekunde 90 za kusoma, na mara nyingi nilifuta nusu yake nikiwa mlangoni mwa studio, simu ikiwa sikioni, kwa sababu hali ilikuwa imebadilika.

Nilichojifunza ni kwamba habari za barabarani ziko za aina mbili, na zisichanganywe. Ipo foleni ya kila siku, inayotokana na wingi wa magari kutaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hiyo huisha umri upesi, na mahali pake ni redioni, ambako dereva anaisikia bila kuondoa macho barabarani. Na lipo tukio: barabara imefungwa na maji, lori limeanguka na shehena, mafundi wamechimba njia moja, usafiri wa mwendokasi umesitishwa. Tukio hudumu saa nyingi, na anayepaswa kulijua hasa ni yule ambaye bado hajatoka: mfanyakazi aliye Posta anayeweza kukaa ofisini hadi usiku, mzazi anayeweza kumwomba jirani ampokee mtoto, mgonjwa mwenye miadi ya jioni. Hao wote wako mbele ya televisheni au karibu nayo. Dereva hapo juu amesema kwamba abiria wanauliza kuna nini, na mimi naamini hilo ndilo jibu zima la swali la Mpangavipindi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na dakika nne za kila siku. Mkipewa dakika nne kila siku mtalazimika kuzijaza, na siku isiyo na tukio mtasoma majina ya barabara: Mandela, Morogoro, Nyerere, Kilwa, Bagamoyo, yale yale ya jana. Mtazamaji atazoea kutosikiliza, na siku Jangwani itakapofungwa atakuwa ameshazoea. Wekeni mkanda wa maandishi chini ya kioo kuanzia saa 9:30, na mkatize kipindi pale tu penye tukio. Msemaji aseme mambo matatu: nini kimefungwa, kwa nini, na kinatarajiwa kufunguliwa lini, kisha ataje saa ambayo habari ilithibitishwa, ili anayeisoma saa 11 ajue kwamba ni ya saa 10:05.

Ndugu wa Mwanza ana haki katika hoja yake, na mkanda huo unamtosha na yeye pia, kwa sababu tukio la Kigoma lina nafasi sawa na la Ubungo. Jambo moja tu litawasumbua: misafara ya viongozi. Barabara hufungwa, watu hukaa, na kwa sababu za usalama hamtaruhusiwa kusema mapema. Msijaribu kubahatisha.

Mama wa Sinza

Nimesoma yote na sijaona aliyetaja watu wanaoishi pembeni ya barabara. Naishi Sinza, katika mtaa unaotokea Barabara ya Shekilango. Siku moja mtangazaji wa redio, kwa nia njema kabisa, aliwashauri madereva waliokwama watumie njia za ndani za Sinza. Haikupita robo saa, mtaa wetu, ambao magari mawili hayapishani bila moja kupanda kwenye mtaro, ulijaa magari yanayokimbia kufidia muda. Ilikuwa saa ambayo watoto wa shule ya msingi wanarudi nyumbani. Nilitoka na khanga mkononi, nikasimama katikati ya njia nikiipunga ili wasimame, na nyuma yangu kulikuwa na watoto kama kumi na wawili wakiwa wameshikana mikono, mdogo kuliko wote akiwa amevua viatu na kuvikumbatia kwa sababu ya tope. Gari la tatu ndilo lililosimama.

Redio husikika na waliomo barabarani tu, lakini televisheni ina ramani, na ramani yenye mshale ni amri. Mkichora mshale kupita mtaani kwetu, kila mtu atauona kwa wakati mmoja na njia iliyokuwa nafuu kwa magari 20 itapewa magari 500. Ninaunga mkono watu kuambiwa kwamba Jangwani pamefungwa. Ninaomba kwa moyo wangu wote kwamba mnapotaja njia mbadala mtaje barabara kuu peke yake: anayetoka Kariakoo kwenda Kimara aelekezwe Uhuru, Buguruni na Mandela hadi Ubungo, au Ali Hassan Mwinyi, Mwenge na Sam Nujoma. Ataenda mbali zaidi, lakini hatapita mlangoni kwa mtoto wa mtu.

Msafiri wa Thika Road

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu wengi tumezoea kwa miaka mingi kupashana habari za msongamano wenyewe kwa wenyewe, kupitia Ma3Route, huduma ya mtandaoni ambako wasafiri huandika hali ya barabara, na redio za asubuhi na jioni, kwa hiyo televisheni haina mengi ya kuongeza kuhusu barabara ipi imejaa. Ninakubaliana na aliyekuwa redioni. Ningeongeza tu kwamba habari za kutumiwa na wananchi huja na picha za kale: mvua ikinyesha, utaona video ya mafuriko ya mwaka jana ikisambazwa kama ya leo. Hapo ndipo chumba cha habari chenye watu waliofunzwa kuthibitisha kinapohitajika, hata kama kazi yake itakuwa kusema kwamba barabara fulani iko wazi na picha hiyo ni ya zamani.

Mpangavipindi (muuliza swali)

Nawashukuru sana. Nimechapisha majibu yenu na kuyapeleka kwenye kikao cha leo asubuhi. Dakika nne za kila siku tumeziondoa kwenye pendekezo, na badala yake tumeomba mkanda wa maandishi kuanzia saa 9:30 hadi saa 1 usiku, pamoja na ruhusa ya kukatiza kipindi penye tukio, bila kusubiri kibali cha mtu ambaye huenda hayupo ofisini. Ruhusa hiyo ndiyo iliyobishaniwa zaidi, kwa sababu matangazo ya biashara ya saa hizo yamekwisha kulipiwa, na uamuzi wake umesogezwa hadi Alhamisi. Ndugu wa Mwanza, waandishi wetu wa mikoani wataombwa kupiga simu kila siku saa 9, na nitakuwa mkweli kwako kwamba sijui kama wote watapewa fedha za simu.

Suala la njia mbadala limeingizwa kama sharti: barabara kuu peke yake, na ramani isiwe na mshale.

Mama wa Sinza, naomba unisaidie jambo moja. Tunataka kuwaandikia madereva, siku ya tukio, kwamba watoto wako njiani. Je, kwa mtaa wenu watoto wanatoka shuleni saa ngapi hasa, na siku ya mvua hubaki shuleni au huruhusiwa mapema?

Mama wa Sinza

Madarasa ya chini hutoka saa 6 mchana, na ya juu saa 9:30. Siku ya mvua kubwa walimu huwaruhusu mapema ili wasikutwe na giza, kwa hiyo waweza kuwaona njiani kuanzia saa 8. Andikeni saa 8.