Majivu ya mzee: santuri, gitaa au almasi? Naomba ulinganisho

Mtoto_wa_Besi
Wadau habari. Mzee wetu alitutoka miezi minne iliyopita, na wosia wake ulisema achomwe, asizikwe. Tumetii. Sasa majivu yapo kwenye chombo chake ndani ya kabati la santuri. Kila nikienda kutafuta sahani ya kusikiliza namkuta pale, nafunga kabati, narudi kukaa. Alipiga gitaa la besi tangu ujana. Hakuwa mtu wa mapambo kabisa, hata saa alivaa kwa kulazimishwa.

Tuko watoto watatu na tunataka kitu cha kimuziki kitokane naye. Mimi nataka santuri yenye majivu ndani. Kaka anasema yapachikwe kwenye gitaa la mzee. Dada ameona matangazo ya almasi. Mwenye uzoefu atulinganishie kabla hatujagombana.

SindanoButu
Poleni sana. Naanza na santuri maana nimewahi kuisikiliza ya rafiki yangu. Waliovumisha jambo hili ni And Vinyly wa Uingereza, kampuni ya mwanamuziki Jason Leach. Majivu hunyunyizwa kidogo juu ya bonge la plastiki ya moto, kisha mashine hulikandamiza katikati ya sahani mbili za chuma zenye mifereji ya sauti. Muda ni mfupi, dakika 12 kila upande, 24 kwa jumla. Santuri ya kawaida ya inchi 12 hubeba karibu mara mbili ya hizo.

Kuhusu sauti usidanganyike. Majivu ni chembe za mfupa uliosagwa, na zikikaa kwenye mfereji sindano inazigonga. Utasikia mikwaruzo, hasa penye ukimya. Ile niliyoisikia ilikuwa sauti ya mama yake akiimba bila ala, na mikwaruzo ilijitokeza kila alipovuta pumzi. Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo raha yenyewe. Mimi niliona rekodi nzuri imeharibiwa.

Pole_pole
@SindanoButu hapo tunapishana. Mtu akitaka sauti safi, faili lipo kwenye simu. Santuri ya majivu unaipiga ili umsikie yeye akigonga sindano. Ukiondoa mikwaruzo umebaki na nini? Plastiki.

SindanoButu
Umebaki na mama anayeimba, mkuu.

FundiTanuri
Mimi ni mfinyanzi, nimeshaletewa majivu mara kadhaa. Dada aelewe jambo moja kabla ya kulipa. Mtu mzima huacha majivu ya kilo 2 hadi 3, na sehemu kubwa ni fosfeti ya kalsiamu, yaani madini ya mfupa. Kaboni karibu yote imeshaondoka kama gesi tanurini, na almasi ni kaboni tupu. Kwa hiyo kampuni huchambua kile kidogo kilichobaki, hukigeuza kuwa grafiti (kaboni laini kama ile ya penseli), kisha hukibana kwa joto na shinikizo kubwa. Ndiyo maana baadhi yao hupokea nywele pia. Ile rangi ya bluu inatokana na boroni. Ni almasi ya kweli, sibishi. Ila haitoi sauti, na mzee mwenyewe mmesema hakupenda mapambo.

Mkitaka kitu kinacholia, fikirieni kengele ya kauri. Waingereza wamekuwa wakitia majivu ya mifupa ya ng'ombe kwenye kauri zao nyeupe tangu karne ya 18, na kauri hiyo ukiigonga kwa ukucha inalia vizuri kweli. Majivu ya binadamu ni madini yale yale. Mimi huyatia kwenye glezi, ule utando wa kung'aa wa juu, kijiko kimoja au viwili vinatosha.

Na kengele ya shaba, mkiambiwa majivu yameyeyushwa humo ndani, ulizeni vizuri. Shaba ikishayeyuka, majivu bado ni unga. Yanaelea juu pamoja na taka na fundi anayaengua. Labda awe ameyaficha kwenye tundu la mpini, na hilo halina ubaya wowote, mradi aseme.

Kijana_wa_Ngoma
Kwa nini msijaze tu kwenye manyanga? Rahisi, na kila mtoto anapata lake.

FundiTanuri
Unga haulii, unasikia shaaa tu. Na majivu hunyonya unyevu, baada ya muda yanashikana bonge. Itabidi uweke mbegu ndipo lilie, na hapo kinacholia ni mbegu.

NyuziNne
Gitaa sasa. Kaka yako asitoboe mwili wa gitaa la zamani, nakuomba. Kinachofanyika ni kuchanganya majivu na resini (gundi inayoganda ngumu) na kujazia vile vidoa vya alama kwenye shingo. Fundi mzuri anaifanya bila kugusa sauti. Kijiko kimoja kinazidi.

Tatizo liko kwingine. Shemeji yangu alifanya hivyo kwa gitaa la mdogo wake. Lilikuwa linapigwa kila wiki. Tangu siku lilipotoka kwa fundi liko ukutani, hakuna anayethubutu kuligusa, hata kubadilisha nyuzi. Kabla ya majivu lilikuwa gitaa, sasa ni kaburi lenye nyuzi nne. Halafu gitaa ni moja na nyie mko watatu.

Piki, kile kibamba cha kukwanyulia nyuzi, pia wanatengeneza, lakini piki inalika. Kila ukipiga unampunguza mzee.

Pole_pole
Besi mwenyewe alipiga kwa vidole au piki?

Mtoto_wa_Besi
Vidole! Piki aliziita kucha za kuazima.

Bint_Parokia
Samahani kuingilia. Kama familia ni ya Kikatoliki, waraka wa Vatikani wa 2016 unakataza kugeuza majivu kuwa vito au vitu vya ukumbusho. Kwa Waislamu kuchoma kwenyewe hakuruhusiwi. Sihukumu mtu, nataka tu wazee wa ukoo wasije wakawashtukiza.

Mtoto_wa_Besi
Asante, sisi upande huo hatuna neno.

Nimewasomea ndugu zangu uzi wote. Gitaa halitaguswa, kaka amekubali mwenyewe baada ya ile habari ya shemeji. Dada anataka kengele ya kauri. Santuri tutabonyeza tatu, na nyimbo za watu hatuweki maana kuna mambo ya haki za watunzi. Tumepata kaseti yake anafanya mazoezi peke yake usiku, anatafuta laini moja ya besi, anakosea, anaanza upya. Dakika 11 na nusu. Upande wa pili tutauacha bila sauti yoyote, mifereji mitupu na majivu.

@SindanoButu naona hapo nimewaridhisha wote wawili, wewe na Pole_pole. Swali la mwisho: upande mmoja utatosha, au nipunguze? Kuna mahali katikati anakohoa karibu nusu dakika.

SindanoButu
Unatosha. Usikate kikohozi.