Mjadala: Je, mtunza maktaba ya programu huria (mkusanyiko wa msimbo wa bure ambao wengine huutumia ndani ya programu zao) ana haki ya kuvunja misimbo yetu ya zamani kila anapotoa toleo jipya?

Mleta mada, Ngamiani
Wadau, habari za asubuhi. Niko Tanga mjini, naandikia programu maduka ya jumla. Mwaka 2013 nilitengeneza mfumo wa stoo wa duka la vipuri vya pikipiki, kwa lugha ya PHP na zile fanksheni za mysql_ za kuongea na hifadhidata, kama tulivyofundishana wakati ule. Ulikwenda miaka bila kuguswa. Usiku mmoja kampuni iliyotuwekea seva ikapandisha PHP kutoka 5 hadi 7. Saa mbili asubuhi mwenye duka ananipigia: kaunta imejaa vijana wa bodaboda, skrini nyeupe, mstari mmoja tu unasema mysql_connect haijulikani. Siku ile waliuza kwa daftari. Mimi nilikesha nikibadili mafaili 41, moja baada ya jingine.

Hoja yangu ni hii. Maktaba ikishatoka na watu wakajenga juu yake, mtunzaji hana ruhusa ya kuondoa kitu kwa sababu tu amepata njia nzuri zaidi. Aongeze mpya, ya zamani aiache. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia miaka yote kwamba kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, haivunji programu za watumiaji. Ikivunja, kosa ni la kernel. Lugha ya Go nayo ilipotoa toleo la 1, Machi 2012, iliahidi kuwa msimbo wa Go 1 utaendelea kukubalika katika matoleo yote ya 1. Wengine wanashindwaje? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Chumbageni
Pole sana mkuu. Ila onyo lilitolewa. Fanksheni za mysql_ zilianza kulalamika tangu PHP 5.5, mwaka 2013, zikaondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Miaka zaidi ya miwili, na njia mbadala, mysqli na PDO, zilikuwepo muda mrefu. Njia ile ya zamani haikuwa na namna ya kutenganisha amri na maandishi anayoingiza mteja, kwa hiyo watu walikuwa wanayabandika moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata. Humo ndimo wezi wa data walimopitia. Mlango mbovu ukiachwa wazi, watu wataendelea kuupita.

Na Linux usiitumie nusu. Ahadi ile ni kwa programu zilizo nje. Ndani ya kernel, madraiva (programu za kuendesha vifaa) hubadilishiwa mambo kila mara, wala hawaombi radhi.

Mtunza maktaba, Muheza
Nami niseme, maana niko upande wa pili wa kaunta. Nina maktaba ndogo ya bure inayoandika kiasi cha fedha kwa maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya risiti. Toleo la 1 lilikuwa likiandika 150,000 "elfu mia moja na hamsini". Na 100,050 nayo "elfu mia moja na hamsini". Maneno yale yale, tofauti ya shilingi 49,950! Nilipogundua sikulala vizuri. Toleo la 2 nikahamia kwenye laki: ya kwanza "laki moja na elfu hamsini", ya pili "laki moja na hamsini".

Wiki ileile nikapata ujumbe mkali kutoka kwa kijana anayeangalia mfumo wa saccos. Mfumo wake unalinganisha maneno ya risiti mpya na ya zamani herufi kwa herufi, na sasa risiti zote kubwa zimekataliwa. Alikuwa ameshajenga juu ya kosa langu. Kaka mleta mada, kosa lile ningeliacha?

Halafu tukumbuke, hii kazi naifanya usiku, nikishalaza watoto. Kila toleo la zamani ninalolibeba lina majaribio yake ya kuhakiki msimbo na kasoro zake. Hakuna anayenilipa, na sidai. Nadai tu mtu asinihesabie saa zangu kana kwamba ni zake.

Dada wa Raskazone
Mnabishania kuvunja au kutovunja. Mimi naona kinachotuumiza ni kukosa daraja. Lugha ya Python, toleo la 3, ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ilikuwa isimame 2015, wakasogeza hadi tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja! Muda ulikuwepo, ila mwanzoni faili moja lilikuwa gumu kuendeshwa na zote mbili. Mwaka 2012, Python 3.3 ilirudisha ile alama ya u ya Python 2 mbele ya maandishi, waliyokuwa wameiondoa. Herufi moja tu, ikawapunguzia watu mzigo mkubwa, wakaanza kuhama kidogo kidogo huku kazi inaendelea. Mtunzaji akitaka kuvunja, avunje, lakini kwanza ajenge kipindi ambacho ya zamani na mpya zinakaa nyumba moja.

Mleta mada, Ngamiani
Dada, hapo umenigusa. Na ndugu wa Muheza, nakubali: risiti inayodanganya lazima irekebishwe hata kama mtu atalia. Ila kurekebisha uongo ni tofauti na kubadili jina la fanksheni kwa sababu la zamani halipendezi. Hili la pili bado nalipinga, na nitalipinga. Kupandisha namba ya kwanza ya toleo, tuseme 1 kuwa 2, kunamwambia mtu kuwa ataumia, hakumpunguzii maumivu. Anayelipia ni yule wa kaunta, ambaye hata hajui kuna kitu kinaitwa maktaba.

Fundi, onyo lilikuwepo, kweli. Lilikwenda kwenye faili la kumbukumbu la seva ambalo sikuwa nalifungua. Tangu siku ile nalifungua kila Ijumaa.

Ndugu wa Muheza, yule wa saccos bado yuko toleo la 1? Kama yuko, nipe mimi nilibebe. Marekebisho ya usalama tu, mpaka ahame. Wewe baki na la 2.

Mtunza maktaba, Muheza
Bado yupo. Nakupa ruhusa leo jioni. Majaribio yote yako kwenye folda ya toleo la 1. Anza na lile la 100,050, kisha mwandikie yule kijana umwambie utalibeba hadi lini.